Shemeji Aliyeshika Upande wa Pili wa Kamba

Laini alivuka mstari wa mwisho akiwa bado na pumzi, na hilo ndilo lililomtisha. Mtu aliyetoka kukimbia mita elfu tano kwa nguvu zake zote hafiki akiwa anaweza kuongea. Yeye alisimama wima, mkono wake wa kushoto bado umeunganishwa kwa kamba fupi na mkono wa shemeji yake, akawasikia wenzake wakijitupa kwenye nyasi na kuhema kama mivukuto ya mhunzi. Kisha kipaza sauti kikataja waliofuzu kuingia timu ya taifa. Yeye hakutajwa. Alikuwa nje ya muda unaotakiwa, tena mbali.

"Siku haikuwa yako, shemeji," mwongozaji wake alimwambia huku akimfungua kamba. "Mwili nao una mambo yake. Umri unakwenda."

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji, akaamini.

Aliamini kwa sababu huyo aliyesema alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kumpeleka mahali akajikwaa. Surua ilimnyang'anya Laini macho kabla hajaanza shule. Wazazi walipoondoka duniani, mmoja akimfuata mwenzake, dada yake mkubwa alimchukua na kumlea kama mtoto wa tumbo lake. Alimpeleka shule ya wasioona, akamwekea akiba ya nauli, akapigana na kila aliyesema binti kama huyu abaki ndani. Mwisho wake Laini akapata kazi ya kupokea simu katika hospitali kubwa. Alikaa kwenye chumba kidogo pembeni ya mapokezi, chenye feni inayolia kama mtoto mwenye njaa, hedifoni kichwani, akiunganisha watu na wodi, na madaktari, na chumba cha maiti. Huko ndiko alikopewa jina hilo la Laini. Waliompa walikuwa na maana ya laini za simu. Waliowahi kumjibu vibaya asubuhi walijua kwamba maana ile nyingine haikumhusu hata kidogo.

Dada aliolewa na fundi bomba, mtu wa mzaha, mrefu, ambaye ujanani alikuwa mkimbiaji wa shule na hakuwahi kuacha kulitaja jambo hilo. Walipokwenda kukaa nyumba moja, mashemeji hao wawili hawakupata taabu ya kuzoeana. Laini alimtania kwamba anakoroma kama bomba lenye hewa. Naye alimtania kwamba anakula gizani ili watu wasihesabu matonge. Asubuhi moja fundi huyo akiwa anakwenda kukimbia alimkuta Laini ameamka, amekaa kwenye ngazi hana la kufanya. Akafungua uzi wa kiatu cha zamani, akafunga ncha moja kwenye mkono wake na nyingine kwenye mkono wa shemeji yake, akamwambia twende.

Siku hiyo Laini alikimbia akiwa ametanguliza mkono wake wa kulia mbele. Shemeji akamsimamisha. "Mkono wa mbele ni wa kupapasa," alisema. "Wewe hupapasi. Wewe unakimbia."

Maneno hayo yalimkaa. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, hata Dada aliyempenda kuliko wote. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wanazunguka uwanja wa manispaa hatua kwa hatua, mkono kwa mkono, yeye akisikia pumzi ya mwenzake upande wa kushoto na sauti ile ya chini ikimwambia, "Kona inakuja... tuko kwenye kona... tumetoka." Kuna siku mtu mmoja aliyezubaa alivuka njia mbele yao. Shemeji hakuwa na nafasi ya kusema kitu. Alijigeuza, akaanguka yeye chini na Laini juu yake, akavunjika mfupa wa bega. Alikaa na bandeji muda mrefu, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba amegongwa na lori jepesi.

Ndiyo maana watazamaji walipoanza kumwita Macho, yaani macho ya Laini, hakuna aliyeona kwamba wametia chumvi.

Ushindi ukaja, na pamoja nao sifa. Walishinda mashindano ya mji, kisha ya mkoa. Wakaanza kualikwa shuleni na maofisini kuzungumza juu ya umoja na uvumilivu. Laini hakuwa msemaji. Alisema machache akakaa. Macho ndiye aliyekuwa na ulimi. Alisimama mbele ya makarani na wakuu wao, akawaeleza kwamba timu ni kuaminiana. Mwenzako akikuambia kuna kona, alisema, huulizi kona iko wapi; unapinda. Watu walipiga makofi hadi madirisha yakatikisika. Kwa hotuba hizo manispaa ikamjua, na fundi bomba aliyekuwa akitafuta vibarua mtaa kwa mtaa akapewa kazi ya kutunza uwanja, na funguo za lango zikawa zake.

Mwaka wa mchujo wa timu ya taifa ulianza vizuri. Kocha wao, mwalimu mstaafu wa michezo ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, alikuwa na kundi kubwa la wanafunzi wa kufundisha upande wa pili wa uwanja. Mazoezi ya Laini alimwachia Macho. Macho alishika saa, Macho alisoma muda, Macho alipeleka taarifa. Kila walipomaliza alimwambia Laini kwamba wameingia ndani ya muda unaotakiwa, leo kwa sekunde kadhaa, kesho kwa zaidi. Katikati ya mazoezi Laini alihisi miguu inataka kwenda, lakini kamba ikakaza kidogo na sauti ikamwambia, "Tulia, shemeji. Tunza pumzi. Tuko kasi mno."

Akatulia. Huko ndiko kuaminiana walikokuwa wakikuhubiri.

Kuna kitu alikisikia, na baadaye ndicho kilichomtesa zaidi. Hatua ya Macho ilikuwa imebadilika. Mguu wa kulia ulikuwa ukitua kwa uzito na kuburuta kidogo unapoinuka. Alimwuliza. Macho akacheka, akasema soli ya kiatu imeachia na hana muda wa kwenda kwa fundi viatu. Laini, aliyejisifu kwamba anaweza kumtambua daktari kwa namna anavyokohoa kwenye simu, aliikubali soli hiyo kwa miezi.

Baada ya kushindwa kwenye mchujo alijilaumu kwa kila kitu. Alilaumu zamu za hospitali, alilaumu usingizi, alilaumu chakula, mwishowe akalaumu mwili wake. Alianza kuamka mapema zaidi kurukaruka kamba peke yake uani. Miguu ilivimba. Dada alimletea maji ya moto ya kukandia, akamkanda kimya kimya bila kusema lolote, na Laini akadhani huo ni upendo wa mtu aliyekosa maneno.

Mialiko haikukoma. Chuo cha wauguzi kiliwaita wazungumze na wanafunzi, na safari hiyo Macho alikuwa na hadithi mpya. Alieleza jinsi mwanariadha wake alivyoshindwa mbele ya umati, jinsi mwili ulivyomsaliti dakika za mwisho, na jinsi ambavyo hata hivyo hakukata tamaa. Alisema kuanguka si kosa. Laini alikaa mbele, mikono mapajani, akisikiliza kushindwa kwake kukigeuzwa somo la watu wengine. Makofi yalipopigwa, naye alipiga.

Ukweli ulimjia kwa simu. Siku hiyo haikuwa zamu yake. Mwenzake alikuwa na mtoto mgonjwa akamwomba amshikie zamu, wakati nyumbani wote wameshatoka. Katikati ya asubuhi laini ya nje ikaita. Laini akapokea kama kawaida, akataja jina la hospitali na kuuliza amsaidie nini mpigaji.

Alikuwa mwanamke mwenye haraka, kando yake kuna kelele za soko. "Naomba idara ya mazoezi ya viungo," alisema. "Nataka kusogeza siku ya mume wangu. Yule wa goti."

Laini hakuunganisha. Sauti aliyoijua kuliko zote duniani, iliyomfundisha kuhesabu na kufunga vifungo vya shati, ilikuwa sikioni mwake ikimsemesha kama mgeni.

"Dada," alisema.

Kisha simu ikakatwa.

Alimaliza zamu. Watu waliopiga simu siku hiyo hawakusikia tofauti yoyote. Jioni hakwenda nyumbani. Alishika fimbo yake akaenda uwanjani kwa Mwalimu, saa ambayo Macho huwa ameshaondoka, akamwomba kitu kimoja tu, ampe mtu mwingine yeyote wa kukimbia naye, na saa ashike Mwalimu mwenyewe. Mwalimu alishangaa lakini hakuuliza. Alimwita kinyozi mmoja wa klabu yao, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, aliyekuwa akikimbia ili kupunguza kukaa na mikasi kutwa nzima. Wakafungwa kamba.

Mizunguko miwili ya kwanza kinyozi alikuwa akiongea. Wa tatu akanyamaza. Wa tano alikuwa akitweta, na Laini akasikia upepo ukimpita masikioni kwa namna ambayo alikuwa ameisahau kabisa. Waliposimama, kinyozi aliapa kwamba amefungwa kamba na treni. Mwalimu alitazama saa muda mrefu. Halafu akasoma.

Ilikuwa ndani ya kasi iliyotakiwa, tena kwa nafasi ya kutosha, na hiyo ni baada ya kutwa nzima ya kazi na miguu iliyovimba.

"Mimi namba zote nilizokuwa nazo alinipa Macho," Mwalimu alisema taratibu. Alimweleza Laini kwamba siku ya mchujo alishindwa kuelewa, akadhani ni woga wa mashindano. Kisha akaongeza jambo ambalo yeye aliliona dogo. Kwenye mbio ndefu kama hizo mwanariadha anaruhusiwa kuwa na waongozaji wawili, mmoja aanze na mwingine apokee njiani. Miezi kadhaa kabla ya mchujo, alipomwona Macho anaweka barafu gotini, alimshauri waongeze mtu. "Akaniambia amekuuliza na umekataa. Eti unasema ukiguswa na mkono mwingine hutakimbia tena."

Laini aliomba kiti. Hapakuwa na kiti, akakaa chini.

Goti angelisamehe hapo hapo, nani asiyeumwa? Hata muda wa uongo labda angeutafutia sababu. Lakini mtu huyo alikuwa amechukua mdomo wake akausemea. Alikuwa amesema kwa niaba yake jambo ambalo hakuwahi kulifikiria, kisha akamwacha miezi yote hiyo akijitafutia ubovu mwilini mwake.

Nyumbani aliwakuta mezani wanamsubiri. Dada alikuwa amekwishamwambia mumewe kuhusu ile simu. Hilo Laini alilijua kwa jinsi sahani zilivyokuwa zinawekwa polepole. Alinawa mikono, akakaa mahali pake.

"Goti linaendeleaje?" aliuliza.

Kijiko cha Macho kikasimama. Dada akaanza kusema kwamba lile lilikuwa jambo dogo tu, walikuwa wanangoja lipone ndipo wamwambie. Laini akamwomba anyamaze kidogo. Zamu yake ingefika.

"Nilidhani litapona," Macho alisema. "Kila wiki nilidhani wiki ijayo litakuwa limepona."

"Ulinisomea muda wa uongo."

"Nilikusomea muda ambao ungekuwa wako kama goti langu lingekuwa zima."

Alisema hivyo kwa moyo wote, na Laini akatambua kwamba mtu huyu amejidanganya kabla ya kumdanganya yeye. Hakupata faraja yoyote kwa kulitambua hilo. Alimwuliza kuhusu mtu wa pili, yule aliyependekezwa na Mwalimu. Macho alipojibu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ningekuwa nani, shemeji? Wakisema Macho na yule mwingine, mimi ningekuwa nani? Ningerudi kuzibua masinki ya watu."

"Ungekuwa shemeji yangu," Laini alisema. "Uliniambia umri unakwenda. Unakumbuka? Nimebeba maneno hayo mpaka leo. Kumbe umri ulikuwa wako."

Kisha akamgeukia dada yake, akamwuliza kama alijua tangu mwanzo. Dada alijua. Alijua kabla ya mchujo. Siku zile za maji ya moto alikuwa anakanda miguu huku anajua.

"Ni mume wangu," Dada alisema. "Ningefanya nini? Ningevunja nyumba?"

"Na mimi ni nani?"

Dada alikusanya sahani, ambazo bado zilikuwa na chakula, akazipeleka jikoni.

Laini hakupiga kelele na hakuvunja kitu. Mwisho wa mwezi alihamia chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, jirani na hospitali. Aliondoka na begi moja, redio, na viatu vyake vya kukimbilia. Dada alilia mlangoni. Laini alimkumbatia, maana hakuwa mtu wa kumnyima dada yake kumbatio, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake alijikuta akisikiliza kilio hicho na kujiuliza ni cha kweli kiasi gani. Kujiuliza huko kulimuuma kuliko kuhama.

Majirani wa chumba kipya walimwona mtu mkimya asiyekopa chumvi. Kwa muda hakukimbia kabisa. Alikwenda kazini akarudi, akasikiliza cherehani ukutani, akalala. Mwalimu alipiga simu hospitali kila wiki, na kwa kuwa mpokeaji alikuwa Laini mwenyewe, hakuwa na pa kukimbilia. Mwalimu hakumbembeleza. Aliuliza tu, "Leo vipi?" na Laini akajibu, "Bado," na simu ikawekwa.

Siku ya kurudi ilikuja kwa ajili ya toroli la mashuka. Korido ya mapokezi ilikuwa na mtu mmoja kutoka chumba cha kufulia, mwanamke aliyeitwa Dobi na wote, ambaye hakuweza kusukuma toroli akitembea. Alikimbia nalo. Muuguzi mkuu alikuwa amemkemea hadi akachoka mwenyewe. Laini alizisikia hatua hizo kila siku na akajua kwamba huyu hakimbii kwa kuchelewa. Anakimbia kwa kupenda. Mchana mmoja alitoa kichwa mlangoni akamwuliza kama amewahi kukimbia bila toroli.

Dobi alikuwa amekimbia shuleni, kisha akaolewa, akazaa, akaachika, akaacha mambo hayo. Aliahidi kujaribu. Mwalimu akapanga kwamba kinyozi ataanza mbio na Dobi atapokea katikati.

Haikuwa rahisi, na kosa kubwa lilikuwa la Laini. Kinyozi alisema kona, Laini akachelewa kupinda kwa sababu alikuwa akiitafuta mwenyewe kwa mguu. Dobi alisema nyosha, Laini akakaza mkono. Mkono wa kulia ukaanza tena kutangulia mbele, kama siku ile ya kwanza kabisa. Saa ilikuwa kwa Mwalimu, na hata hivyo Laini alipomaliza aliomba na mtu mwingine aisome: mfagiaji, mpita njia, yeyote. Akilinganisha majibu, ndipo akakubali. Kinyozi aligeuza jambo hilo kuwa kichekesho. Dobi yeye, siku moja alipokuwa akifungua kamba, aliuliza kama amemkosea kitu. Laini akamjibu kwamba hajamkosea, na wote wawili wakajua jibu hilo halikutosha.

Na lango la uwanja alikuwa akilifungua Macho. Kila walipofika Laini alisikia funguo zikigongana, mguu ule ukiburuta, na mtu akisogea pembeni kuwapisha. Ule mzaha wao wa miaka yote ulikuwa umekatika kama umeme. Walisalimiana kama watu waliokutana benki.

Jioni moja walikuwa mzunguko wa tisa, Dobi amekwishapokea kamba, wanakwenda vizuri kuliko siku zote. Laini aliongeza mwendo. Dobi akafuata. Akaongeza tena. Dobi akafuata hatua chache, kisha akasema, kwa pumzi iliyokatika, "Nimechoka. Tupunguze."

Laini alisimama ghafla katikati ya njia hata Dobi akavutwa na kamba akayumba.

"Samahani," Dobi alisema haraka. "Nimelala kidogo jana, mtoto alikuwa na homa. Kesho nitaweza, wallahi nitaweza."

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulivyosema mwanzo."

"Nimechoka," Dobi alisema, sasa kwa woga.

Laini alikaa pale pale kwenye njia, akaweka uso magotini, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu ile siku ya simu. Kinyozi alikuja mbio akidhani ameumia. Mwalimu alimzuia. Dobi alichuchumaa kando yake, mkono wake bado umefungwa, asijue la kufanya na mkono huo, akauacha tu.

Baadaye Laini ndiye aliyezungumza, na alizungumza kuliko kwenye hotuba zote walizowahi kualikwa. Alimweleza Dobi kila kitu, goti, saa, soli ya kiatu, dada. Alisema kwamba walipokuwa wakifundisha watu kuaminiana walikuwa wamefundisha nusu tu. Walisema mtu apinde anapoambiwa kona. Hawakuwahi kusema kwamba yule anayetaja kona naye ana wajibu wa kutaja kuchoka kwake. Neno moja lingemfanya apunguze, au waongeze mtu, au waache mwaka huo upite wangoje mwingine. Angengoja. Kwa ajili ya Macho angengoja hata miaka miwili bila kunung'unika, na hakupewa nafasi ya kuchagua.

Dobi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye kuchoka anachoka mara kwa mara, kwa hiyo asiwe na wasiwasi, atalisikia neno hilo mpaka alichukie.

Ikawa hivyo. Walijifunza kuongea katikati ya mbio kwa maneno mafupi: mguu, pumzi, niko sawa, punguza. Laini naye akajifunza kusema yake, hasa neno alilolipata gumu kuliko yote, naogopa. Mkono wa kulia ukarudi ubavuni. Kuna wiki mambo yalikwenda mrama, kinyozi akateguka kifundo, akasema siku hiyo hiyo, wakapumzika. Hakuna aliyekufa kwa kupumzika.

Mchujo uliofuata ulifanyika uwanja ule ule, asubuhi yenye mawingu. Kinyozi alianza naye kwa utulivu, maneno yake yote akiwa ameyaacha dukani. Walipofika mahali pa kubadilishana, Dobi alikuwa tayari upande wa pili, akadaka kamba bila Laini kupoteza hatua. Mizunguko miwili kabla ya mwisho Dobi alisema, "Mimi niko sawa. Wewe?" Laini akasema yuko sawa. "Basi nenda," Dobi akasema, na wakaenda. Alipovuka mstari magoti yalimwishia. Alilala kifudifudi kwenye njia, mdomo umejaa vumbi, na safari hii kipaza sauti kilipotaja jina lake, jina lake halisi ambalo wengi hawakulijua, ilibidi Dobi amtikise ili asikie.

Wakati watu wanatawanyika Macho alimfuata. Alisimama mbali kidogo, akampongeza. Kisha akasema alilokuja kulisema, kwamba alimkosea, kwamba tangu ile jioni hajakubali mwaliko wa kuzungumza mahali popote, kwamba hawezi. Hakuongeza sababu yoyote. Laini alimsikiliza hadi akamaliza.

"Nimekusamehe," alimwambia. "Lakini mkono sikupi tena."

Macho akasema anaelewa. Huenda alielewa. Alibaki hapo muda kidogo kama mtu anayetaka kutania jambo, asilipate, akaenda kufunga milango ya vyoo.

Dada alikuja chumbani kwa Laini siku chache kabla timu haijaondoka kwenda kambini. Alimletea nguo alizomfulia na kuzipiga pasi, akazipanga begini kwa mpangilio ambao Laini anaujua kwa vidole. Walizungumza habari za majirani, za bei ya mafuta ya kupikia, za mafua. Dada alipotaka kuanza ile habari nyingine, Laini alimwambia bado hajawa tayari, na kwamba atakapokuwa tayari atamwambia. Dada akakubali. Kabla ya kuondoka alimpiga busu kwenye paji la uso kama alivyokuwa akifanya zamani, na Laini akaona kwamba anampenda mtu huyu kama mwanzo, na kwamba hata hivyo hawezi kumwamini kama mwanzo, na kwamba itambidi akae na mambo hayo mawili pamoja, pengine maisha yake yote.

Kambini walifanya mazoezi ya kwanza kwenye uwanja wasioujua. Kocha wa timu alishika saa. Walipomaliza, Laini akiwa bado ameinama anatafuta pumzi, aliwaza jinsi ya kuomba mtu wa pili asome bila kuwaudhi wageni hawa. Kabla hajafungua mdomo alimsikia Dobi akimwomba kocha saa, kisha hatua zake zikikimbia kwenda upande wa mpishi aliyekuwa anavuka uwanja na sufuria.

"Samahani, kaka," Dobi alikuwa akimwambia. "Hebu tusomee hapa, kwa sauti, yule dada pale asikie."